Nyumbani Iende Sabuni, Si Kostiki

Mwezi huu tunazungumzia kazi inayofanywa na familia nyingi katika parokia zetu, yaani kutengeneza sabuni nyumbani. Ni kazi njema. Sabuni hiyo hufulia nguo za watoto, na inayozidi huuzwa ikaleta fedha za madaftari na sare za shule. Hatuna nia ya kumkatisha tamaa mtu yeyote. Tunataka kuzungumza juu ya kitu kimoja tu kinachoingia katika sabuni hiyo, kwa sababu kitu hicho kisipotunzwa huweza kumharibia mtoto maisha kwa funda moja. Kitu hicho ni kostiki soda.

Kostiki ni kitu gani?

Kostiki soda, ambayo wengi huiita kostiki tu, ni dawa kali ya viwandani. Wataalamu huiita haidroksaidi ya sodiamu. Huuzwa ikiwa vipande vyembamba vyeupe au punje ndogo nyeupe. Kopo likiachwa wazi, hunyonya unyevu wa hewani, ikaanza kulowa na kushikamana.

Tusiichanganye na magadi. Magadi tunayotia kwenye maharage, yale yanayopatikana katika maziwa kama Natron nchini Tanzania na Magadi nchini Kenya, ni kitu kingine na ni mapole zaidi. Lakini kwa macho vyote ni vyeupe. Kostiki iliyomiminwa katika kopo la jikoni huweza kudhaniwa kuwa magadi, chumvi au sukari. Ikishayeyushwa katika maji ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Huonekana kama maji ya kunywa.

Je, kwa nini inaunguza? Jibu ni lile lile linaloeleza kwa nini inatengeneza sabuni. Kostiki ikikutana na mafuta huyavunja na kuyageuza kuwa sabuni na gliserini. Hiyo ndiyo kazi yake. Nayo haibagui kati ya mawese yaliyomo ndani ya ndoo na mafuta yaliyomo katika ngozi ya mkono wako. Ikigusa ngozi, huanza kuigeuza. Ndiyo maana mtu aliyerukiwa na kostiki huhisi utelezi kwenye vidole kabla ya kuhisi maumivu. Utelezi ule ni ngozi yake mwenyewe inayoyeyuka. Kostiki huendelea kupenya ndani kwa muda wote inapokuwa pale, na maumivu huweza kuchelewa hata baada ya madhara kuanza.

Ajali iliyo mbaya kuliko zote

Wengi wakisikia hatari ya kostiki hufikiria mikono ya mtengenezaji. Kweli mikono huungua, na jicho likirukiwa huweza kupofuka. Lakini ajali iliyo mbaya kuliko zote haimpati mtengenezaji. Humpata mtoto mdogo ambaye hata hajui kwamba sabuni inatengenezwa.

Huwa hivi. Kostiki iliyobaki huwekwa katika chupa ya maji au ya soda, kisha chupa huwekwa pembeni, chini ya meza au nyuma ya mlango. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anapita akiwa na kiu. Anaijua chupa ile. Anakunywa funda moja.

Funda hilo huunguza midomo, ulimi na umio, yaani njia ya kupitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wengine hufa. Anayepona huenda akaonekana nafuu siku za kwanza, lakini baada ya wiki kadhaa kovu lililo ndani huanza kukaza na umio kuwa mwembamba. Kwanza ugali unakataa kupita, kisha uji, na mwishowe hata maji na mate yake mwenyewe. Mtoto huyo atahitaji kwenda hospitali kubwa mara nyingi ili umio utanuliwe kwa vifaa, pengine kwa miaka. Baadhi hulishwa kwa mpira unaopitishwa tumboni. Kumbe yote hayo yangezuiwa na kufuli moja.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu, wala si la leo. Marekani nao zamani waliitumia sana kostiki majumbani, kwa usafi na kwa sabuni. Katika mji wa Philadelphia alikuwepo daktari bingwa wa koo na umio, Chevalier Jackson, aliyewatibu watoto wengi walioimeza. Alitambua kwamba kazi ya kutanua umio ulioungua haitakwisha kama makopo yataendelea kuuzwa bila onyo. Kwa miaka mingi yeye pamoja na madaktari wenzake waliomba sheria, na mwaka 1927 sheria hiyo ikapitishwa. Iliwalazimu watengenezaji kuandika neno sumu juu ya chombo cha kostiki, pamoja na maelezo ya huduma ya kwanza. Tunajifunza kwamba bingwa mwenyewe aliona uzima wa mtoto unaanzia kwenye chombo na maandishi yake, kabla ya chumba cha upasuaji.

Huku kwetu mara nyingi kostiki hutoka dukani ikiwa imepimwa kutoka mfuko mkubwa na kufungwa katika mfuko mwepesi usio na maandishi yoyote. Basi onyo ambalo halikuandikwa dukani, inabidi tuliandike sisi.

Kostiki ikae wapi?

Hapa tuna ombi kwa vikundi vya akina mama, vijana na wote wanaotengeneza sabuni kwa pamoja. Vikundi vingi hununua mfuko mmoja wa kilo 25 kwa sababu bei huwa nafuu, kisha wanachama hugawana, kila mmoja akaenda na chake. Kwa mgawo huo hatari iliyokuwa mahali pamoja sasa imeingia katika nyumba 10 au 20, na kila nyumba ina watoto wake.

Tunashauri utaratibu ufuatao. Kostiki ibaki mahali pamoja penye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana. Siku ya kazi wanachama wakutane, wapime, wachanganye na kumimina pamoja. Mwisho wa kazi kila mmoja achukue sehemu yake ya sabuni iliyokomaa. Nyumbani iende sabuni, si kostiki.

Anayelazimika kuiweka nyumbani azingatie haya:

1. Aiache katika chombo chake cha asili. Kama hakuna, atafute kopo gumu la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, ambalo halijawahi kuwekwa chakula wala kinywaji.

2. Aandike kwa herufi kubwa SUMU – KOSTIKI, na achore fuvu la kichwa kwa ajili ya wasiojua kusoma.

3. Aifungie kwa kufuli, mahali pa juu na pakavu, mbali na jikoni. Kuificha hakutoshi, kwa maana watoto ni mabingwa wa kutafuta.

4. Asiweke kamwe kostiki iliyoyeyushwa katika chupa ya maji, ya soda au ya juisi, hata kwa dakika tano. Ayeyushe kiasi kitakachotumika siku hiyo hiyo, ili kisibaki kitu cha kuhifadhi.

Kabla ya kufungua kopo

Kostiki hufanya madhara yake katika dakika za mwanzo. Hakuna muda wa kukimbilia kisimani wala wa kumtuma mtoto kwa jirani. Kila kitakachookoa lazima kiwepo pale kabla kopo halijafunguliwa.

Kwanza ni maji. Mwenye bomba la kutegemewa aoshee hapo. Lakini wengi wetu tunateka maji. Basi tupige hesabu. Aliyerukiwa anatakiwa kuoshwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Ukimimina kwa jagi taratibu, lita 2 kwa dakika, dakika 20 zitakula lita 40. Hizo ni ndoo 2 kubwa za lita 20. Jicho linahitaji dakika 30, yaani ndoo 3. Ndoo hizo zijazwe maji safi na ziwekwe hatua chache kutoka mahali pa kazi, pamoja na jagi lake. Siku ambayo maji hayakupatikana, sabuni isubiri.

Pili ni mavazi. Vaa glavu za mpira zinazopita kifundo cha mkono, nguo yenye mikono mirefu, na viatu vya kufunika mguu. Ndala hazifai. Juu yake funga aproni ya plastiki, kwa kuwa kanga au kitenge kikilowa kostiki huishikilia kwenye ngozi. Macho yalindwe na miwani isiyo na rangi inayoziba pande zote. Miwani ya kusomea huacha nafasi pembeni.

Tatu ni vyombo. Hapa wengi hukosea, kwa sababu sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki na alumini havipatani. Vikikutana, kostiki huila sufuria, hutoa povu na joto kali, na hutoa hewa ya haidrojeni inayoshika moto kwa urahisi. Tumia ndoo ngumu ya plastiki, au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Chupa na mabakuli ya kioo yaepukwe, huweza kupasuka kwa joto. Kukoroga, tumia mwiko mrefu wa mbao. Vyombo hivi viwe vya sabuni tu, visirudi tena jikoni.

Nne ni watu. Awepo mtu mzima wa pili wa kusaidia. Watoto wawe mbali kabisa, chini ya uangalizi wa mtu mwingine. Mama asichanganye kostiki akiwa na mtoto mgongoni. Mbeleko si kinga.

Namna ya kuchanganya

Fanya kazi nje au mahali penye hewa ya kutosha, na upepo uwe nyuma yako ili mvuke uende mbele. Mvuke huo huwasha koo na macho, usiinamie ndoo.

Kanuni kuu ni hii: maji hutangulia, kostiki hufuata. Weka ndani ya ndoo maji baridi uliyokwisha kuyapima, kisha tia kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Usigeuze utaratibu huu kamwe. Maji yakimiminwa juu ya kostiki, yale machache ya kwanza huchemka papo hapo na kuruka usoni pamoja na kostiki. Wanaopenda kukumbuka kwa mfano waseme hivi: maji ndiye mwenyeji, kostiki ndiyo mgeni, na mgeni ndiye anayebisha hodi.

Usishangae ndoo ikipata moto bila jiko. Kostiki ikiyeyuka hutoa joto jingi, na mchanganyiko huweza kukaribia kuchemka. Usitumie maji ya moto, na usijaze ndoo hadi juu. Acha mchanganyiko upoe mpaka uwe vuguvugu, lakini usiuache peke yake hata kidogo. Saa ile ya kusubiri upoe ndiyo saa ambayo watu hujisahau, wakaenda kuangalia chungu jikoni na kuacha ndoo uani.

Ukishapoa, umimine taratibu ndani ya mafuta ambayo nayo ni vuguvugu, ukikoroga bila kurusha, mpaka yawe mazito kama uji wa mgonjwa. Hapo mimina katika kasha la mbao au umbo la plastiki.

Kipimo si cha kuazima

Mara nyingi tunasikia mtu akisema, "Jirani yangu hutia kikombe kimoja." Swali ni hili: jirani hutumia mafuta gani? Kila aina ya mafuta inahitaji kiasi chake cha kostiki. Kilo 1 ya mawese huhitaji karibu gramu 134. Kilo 1 ya mafuta ya alizeti huhitaji karibu gramu 128. Lakini kilo 1 ya mafuta ya nazi hubeba hadi gramu 170. Vipimo hivi vimepunguzwa kidogo kwa makusudi, ili mafuta yazidi na kostiki iishe yote.

Mtu anayetumia mawese akiazima kipimo cha nazi, atabaki na karibu gramu 30 za kostiki zisizo na kazi katika kila kilo ya mafuta. Sabuni hiyo itawachubua wafuaji mikono, na mtoto akiogeshwa nayo ataungua. Kwa hiyo pima kwa mizani ya gramu, si kwa kikombe wala kiganja. Kikundi kisichokuwa na mizani kianze kwa kuchangia mizani. Maji yawe kama mara mbili na nusu ya uzito wa kostiki. Kwa kilo 1 ya mawese hiyo ni kama mililita 335.

Sabuni mbichi bado ina kostiki ndani yake. Iache siku 1 au 2 igande, uikate ukiwa na glavu, kisha uipange mahali penye hewa, mbali na watoto, kwa wiki 4 hadi 6. Ukiikata ukakuta matone ya maji au chembe nyeupe zinazowasha, usiitumie wala usiiuze. Usiionje kwa ulimi kama wafanyavyo wengine.

Baada ya kazi, osha vyombo ukiwa bado na glavu, kwa maji mengi. Kostiki kavu iliyomwagika ikusanywe kwa ufagio mkavu kwanza, ndipo pahali hapo paoshwe.

Huduma ya kwanza

Ikigusa ngozi: Kung'uta kwanza vipande vikavu. Vua haraka nguo, pete na saa vilivyoguswa. Mwaga maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, na endelea mpaka utelezi uishe. Usipake siki wala limau. Wengine hudhani ukali huu huondolewa na ukali mwingine, lakini vikikutana juu ya ngozi huongeza joto, na muda wa kuosha hupotea. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala asali. Jeraha la usoni, mikononi au sehemu za siri, jeraha lolote lenye malengelenge, au lililo kubwa kuliko kiganja, lionwe na mganga siku hiyo hiyo.

Ikiingia jichoni: Mlaze au muinamishe mgonjwa, jicho lililoumia liwe upande wa chini ili maji yasiende kwenye jicho zima. Shikilia kope ziwe wazi hata kama anapinga, na mimina maji safi taratibu kwa dakika 30. Usitie maziwa ya mama wala dawa yoyote ya nyumbani. Kisha aende hospitali mara moja, na mkiweza mwendelee kuosha njiani. Mwenye maumivu kidogo naye aende, kwa maana kostiki huendelea kupenya ndani ya jicho.

Akimeza: Usimtapishe. Kilichounguza umio kikishuka kitauunguza mara ya pili kikipanda. Mfute midomo na msuuze kinywa kwa maji. Kama yuko macho na anameza bila shida, anaweza kupewa maji kidogo kidogo. Akikataa, akikohoa au akitokwa na mate mengi, asipewe kitu. Usimnyweshe mafuta, siki, limau, wala mayai mabichi. Wengi huamini kwamba maziwa mengi huondoa sumu. Kikombe kikubwa cha maziwa hakiondoi kostiki, bali huweza kumtapisha. Mkimbize hospitali, na mchukue chombo alichonywea ili mganga aone ni kitu gani.

Tena usidanganyike kwa kuona mdomo wake ni mzima. Huweza kuwa hana hata alama kwenye ulimi, kumbe umio umeungua. Mtoto yeyote anayeshukiwa kumeza kostiki lazima aonwe na mganga, na akiruhusiwa kurudi nyumbani wazazi waangalie wiki zinazofuata. Akianza kukataa vyakula vigumu au kupaliwa mara kwa mara, arudishwe hospitali bila kusubiri.

Neno la mwisho

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa kostiki msemo huo si wa kweli. Kinga yake inajulikana na bei yake ni ndogo: kopo lenye maandishi, kufuli, ndoo za maji, glavu na mizani. Tunawaomba wanavikundi wanaotengeneza sabuni waulizane swali moja watakapokutana tena: kostiki yetu iliyobaki iko wapi sasa hivi, na ni nani anayeweza kuifikia? Kama jibu ni chupa iliyo chini ya meza ya mtu, mkutano usimame kwanza, na mmoja aende kuichukua.